Bado Wanakuamkia Kikaoni

Mama yangu,

Shikamoo. Niko chumbani kwangu hapa Endasak, kwenye ile meza uliyonitolea jikoni. Mlango nimeuacha wazi kidogo, vile ulivyopenda.

Unakumbuka niliporudi kutoka Arusha na kompyuta, nikakwambia kampuni imeturuhusu kufanyia kazi nyumbani moja kwa moja? Majirani waliponiona nashinda ndani wakati wenzangu wako shambani wanapalilia, wakadhani nimefukuzwa kazi. Wakaja na kibuyu cha maziwa kunipa pole. Ukawakalisha, ukawaambia, "Yuko kazini," na huku wananiona dirishani. Maziwa hukuyarudisha.

Halafu ile siku ya kikao. Uliingia na chai, ukaona nyuso za watu kwenye kioo cha kompyuta, ukasimama. "Hawa wageni wako mbona hawaamkii?" Nilitamani ardhi ipasuke. Bosi akaacha kuongea, akasema shikamoo mama. Ukaitikia, ukamsubiri wa pili, na wa tatu, mpaka wakaisha, kila mmoja ukamuuliza habari za kwao. Tangu hapo kikao hakikuanza bila wewe. Watu niliokaa nao ofisini miaka, kwako ndiko nilikojua nani ana mgonjwa nyumbani.

Nisikudanganye, nilifaidi. Makande ya mchana nilikula na wewe, tunacheka. Ulipoanza kuugua nilikuwa chumba cha pili tu, sikuomba ruhusa kwa mtu. Hilo nitashukuru hadi nife.

Lakini mama, kumbe utamu wa kazi hii ulikuwa wewe. Sasa watu wanaongea, wanaaga, kioo kinakuwa cheusi, na nyumba inanyamaza. Hakuna wa kuniambia, "Acha hayo, njoo unywe chai." Majirani nao wakifika dirishani wanatembea polepole, hawapigi hodi. Uliwazoesha kwamba niko kazini. Nina upweke, mama, na nimekukumbuka mno.

Ofisi imeniuliza kama nataka kurudi Arusha kukaa na wenzangu. Wiki nzima nimeshindwa kujibu, maana kufunga nyumba hii naona kama nakufungia humu ndani peke yako.

Leo asubuhi tukiwa kikaoni, upepo wa mlimani ukausukuma mlango, ukalia vile unavyolia. Bosi akakatiza maneno yake. "Shikamoo, mama." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, kama ulivyowafundisha. Kisha wakakumbuka.

Nikaitikia mimi. "Marahaba," nikasema, "habari za kwenu?" Na wakanieleza, mama, kila mmoja kwa zamu yake.

Nimewajibu kwamba narudi Arusha. Nataka nikae na watu wanaokukumbuka.

Pumzika, mama. Mlango sitaufunga kwa nguvu.

Ni mimi,
kitinda mimba wako