Wamekubali Kwamba Nilikuwa Kazini

Kanyosha, Bujumbura
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, na wote walioamka salama hapo nyumbani Kalemie. Kifua chako kinaendeleaje? Ile dawa niliyotuma kwa mama mfanyabiashara wa vitenge ilikusaidia, au umeiweka tu kabatini kama kawaida yako? Na Mama, mihogo yake ameshaivuna? Huku mvua imeanza, barabara yetu imekuwa tope tupu, lakini mimi ni mzima. Mguu unakaza asubuhi, kisha ukipata joto unaniachia.

Najua utashangaa kupokea barua wakati tuna simu. Simu inakatika kila nikifika mahali pazuri, na habari hii nataka uisikie yote, tena uwasomee mafundi wenzako. Baba, karatasi imetoka. Nimeisoma Ijumaa nikiwa nimesimama barabarani, nikairudia ndani ya basi, nikairudia tena kitandani. Imeandikwa jina langu, Faida, na mbele yake: fundi wa plasta, ameumia akiwa kazini. Mfuko wa bima ya wafanyakazi umekubali ajali yangu. Matibabu ya mguu huu si mzigo wangu peke yangu tena.

Ngoja nianze mwanzo, maana mengine nilikuficha.

Unajua nilikuwa napiga plasta kwenye nyumba ya ghorofa kule Kinindo, karibu na ziwa. Asubuhi ile nilipanda jukwaani kumalizia ukuta wa nje. Sikujua kwamba kapita wetu, msimamizi wa kazi aitwaye Nestor, alikuwa ameng'oa miti miwili ya kushikilia jukwaa ili aitumie upande wa pili. Nilisogea na ndoo yangu ya udongo wa simenti, mbao zikaniacha. Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka mdomo umejaa mchanga, na Saidi, fundi mwenzangu, anapiga kelele waje wanibebe.

Hospitalini nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha magurudumu, macho nimefumba kwa maumivu, lakini masikio yalikuwa wazi. Muuguzi akauliza mimi ni nani. Nestor akamjibu, "Uyu mama si wa kazi yetu. Anauzishaka maharagwe pale pa mulango. Aliingia tu, kitu kikamuangukia."

Baba, mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, lakini lile neno ndilo lililoniliza. Miezi minane nimepiga plasta ya nyumba ile, chumba kwa chumba, kisha nageuzwa muuza maharagwe. Nilitaka kumkanusha, lakini tayari walikuwa wananisukuma. Wakanipeleka ndani, na mimi niliyezoea kupiga kuta plasta nikapigwa plasta mguu mzima.

Baada ya wiki tatu Nestor alinijia nyumbani na bahasha, na karatasi ya Kifaransa ya kutia sahihi. Akasema patroni, yule mwenye kutuajiri, ana huruma. Niliisoma polepole kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi, nikakutana na neno linalosema "mpita njia". Nikamwambia aniachie ile karatasi niisome vizuri. Akakataa. "Unatia sahihi sasa, ao naondoka na yote." Nikamwambia aondoke na yote.

Usiku ule ulinipigia. Uliniambia nitie sahihi, nipokee kinachotolewa, nirudi nyumbani, kwa sababu mtu wa jasho hashindani na patroni. Nilikujibu vibaya na nikakata simu. Nisamehe kwa hilo. Sikuwa na hasira na wewe.

Jirani yangu ndiye aliyeniambia kwamba Jumamosi kuna avoka mmoja, mwanasheria, mama wa makamo, anakaa kwenye ukumbi wa parokia yetu kusikiliza watu bila malipo. Nilikwenda na magongo yangu, nikajikongoja kama mtoto anayejifunza kutembea. Aliposikia habari yangu hakushangaa hata kidogo. Aliniuliza kama nina karatasi zangu za kukaa hapa Burundi. Nikamwonyesha.

"Vizuri," akasema. "Sasa sikiliza, una njia tatu. Ya kwanza, kuelewana na patroni, lakini kwa maandishi, mbele ya inspekta wa kazi, apana mu chumba yako. Ya pili, kutangaza ajali. Patroni ndiye anapaswa kuitangaza kwa mufuko wa bima. Kama amekataa, we mwenyewe unaitangaza. Ya tatu ni kumushitaki ku tribinali ya kazi. Na kupita moja akukatazi kupita ingine."

Nikamwambia, "Lakini mama, mi sina kontra, sina karatasi yoyote ya kazi. Waliniita tu, nikaanza."

"Kontra ya mudomo nayo ni kontra. Ulipewa kazi, ulipewa amri, ulipokea mushahara. Lazima tu tuonyeshe kama ulikuwa mufanyakazi. Nani alikuona?"

Walioniona walikuwa wengi, Baba. Shida ni nani angesema. Avoka aliandika barua kwa inspekta wa kazi, akachukua karatasi ya hospitali, na mimi nikaenda mtaa wa Jabe kwa Saidi. Yeye ni mtoto wa mji huu, babu yake alizaliwa hapahapa, na ndiye aliyekuwa akinikatia waya na kunisogezea vifaa kila siku. Alinikaribisha vizuri, mke wake akanipa chai. Nilipotaja ushahidi, akaangalia chini.

"Dada Faida, mbele ya Allah, nilikuona unaanguka. Lakini nikisema, kesho niko nje. Niko na watoto wanne. Mi naogopa."

Sikumlaumu. Nilikunywa chai yangu, nikamshukuru mke wake, nikaondoka. Njiani nililia kidogo, kisha nikanyamaza, kwa sababu magongo yanahitaji mikono miwili na sikuwa na wa kufutia machozi.

Inspekta alipanga siku ya kuja Kinindo mwenyewe. Ni kijana mwembamba, ana daftari, haongei sana. Nilifika na avoka, tukakuta nyumba karibu imekwisha, kuta zimepakwa rangi nyeupe. Patroni alikuwepo na Nestor, na wafanyakazi wote walikuwa wamesimamishwa uani. Saidi alikuwa nyuma kabisa.

Inspekta akauliza, "Uyu mama mnamujua?"

Nestor akarudia yake ya maharagwe. Patroni akasema yeye hawezi kujua kila mtu anayepita mlangoni. Inspekta akawageukia wafanyakazi, nao wakatazama viatu vyao.

Basi nikamwambia inspekta, "Twende juu, mu bafu. Nitawaambia kitu iko ndani ya ukuta."

Nilipanda ngazi kwa makalio, kidato kwa kidato, avoka akinibebea magongo. Bafuni nikaweka mkono kwenye ukuta wa kushoto, kimo cha bega langu. Nikaeleza mbele yao wote: fundi bomba alikosea hapa, akachimba mara mbili, na bomba likapita limelala upande badala ya kusimama wima. Shimo lilibaki kubwa. Nililijaza vipande vya matofali, nikasokota mfuko wa simenti na kuusukuma kwenye pembe ya chini, nikafunika kwa waya wa banda la kuku uliokunjwa mara mbili, ndipo nikapiga plasta. Inspekta akagonga pale kwa vidole, akagonga na pembeni. Sauti zilikuwa tofauti.

Patroni akacheka. "Ukuta umekwisha, umepakwa rangi. Mukibomoa na mukose kitu, nani atautengeneza?"

Mimi nikasema, "Nitautengeneza mi mwenyewe."

Hapo nikasikia mtu anapanda ngazi kwa haraka. Alikuwa Saidi, na nyundo mkononi, jasho linamtiririka kama aliyekimbia kutoka Jabe. Hakunitazama. Alimtazama inspekta.

"Ule waya ni mi nilimukatia," akasema. "Uyu mama ni fundi. Alianguka kwa sababu miti ilitolewa, na mi nilikuwa chini namuona. Andika jina yangu ni Saidi."

Akagonga mara moja, mara ya pili, plasta ikaanguka kipande kikubwa kama sinia. Waya ukatokea, umekunjwa mara mbili. Akauvuta, matofali yakaporomoka, na nyuma yake bomba lilikuwa limelala upande vilevile nilivyosema. Inspekta mwenyewe akapiga magoti, akaingiza mkono pembeni chini, akatoa ule mfuko wa simenti. Akaukunjua, akaupiga picha. Avoka alinishika bega akanifinya mpaka nikaumia, na mimi nikacheka kwa sauti ndani ya bafu la watu.

Tuliposhuka, mambo yalikuwa yamegeuka. Wale mama wawili wanaobeba mchanga walikuwa wa kwanza. Mmoja akamwambia inspekta, "Na sisi utuandike. Tunafanya kazi hapa tangu musingi, na jina yetu haiko popote." Wakafuata wachanganya simenti, wakafuata wafunga vyuma. Inspekta aliandika mpaka akageuza ukurasa mara kadhaa. Alimwambia patroni kwamba majina yote yale yanapaswa kutangazwa, na kwamba Saidi akifukuzwa kwa kusema, atarudi yeye mwenyewe kuuliza kwa nini.

Nestor alinifuata mpaka kwenye geti. Akasema taratibu, "Faida, mi nilitumwa kusema vile."

"Najua," nikamjibu. "Lakini ile miti uliitoa mwenyewe."

Sijui kama alinielewa. Kusema kweli namhurumia kidogo, ila si sana.

Yaliyobaki yalikuwa kwenda na kurudi ofisini, na kungoja. Saidi bado yuko kazini mpaka leo. Jukwaa jipya, ameniambia, limefungwa miti mara mbili, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa mti hata mmoja bila kumwuliza yeye. Si kila kitu kimekwisha. Mishahara ya mwisho na yale aliyoyakosea patroni kwa kutonitangaza yatapita kwenye tribinali, na avoka amenionya kwamba huko mambo huenda polepole na huenda tusipate yote. Daktari naye amesema nisipande juu mwaka huu. Nitapiga plasta za ndani, kuta za chini, na wewe mwenyewe ulikuwa ukisema mkono wangu ni mzuri zaidi kwenye kona.

Waambie mafundi wa huko haya, tafadhali. Mtu akianguka, wenzake wamsindikize hospitalini wao wenyewe na waseme palepale kwamba ameumia kazini. Karatasi ya daktari isipotee. Asitie sahihi kitu asichokisoma. Sheria za kwetu sizijui kama zinafanana na za huku kwa kila jambo, lakini inspekta wa kazi hata Kalemie yupo, waende wakamuulize.

Nisalimie Mama, umwambie nakula vizuri na asiamini picha, nimekonda kwa sababu ya magongo tu. Nisalimie kaka yangu mkubwa na shemeji yangu, na mtoto wao aliyezaliwa nikiwa sipo. Shangazi wa sokoni mpe salamu zake peke yake, la sivyo atanuna. Na mchungaji, kwa kuniombea kila wiki.

Hili la mwisho usilisome kwa sauti, Baba. Nilipokuwa nimelala na mguu juu, Mama alinieleza kwa simu kwa nini unatembea umeinama. Miaka yote nilifikiri ni uzee. Kumbe ulianguka wakati mnajenga ile shule, mimi nikiwa tumboni, wakakurudisha nyumbani kwenye mkokoteni, na wewe hukumwambia mtu jinsi ilivyokuwa, hata Mama. Ndipo nikaelewa ulichokuwa unaniambia usiku ule kwenye simu. Nilimuuliza avoka. Amesema miaka ni mingi mno, hawezi kuniahidi kitu. Mimi pia sikuombi uende kwa mtu yeyote. Nataka tu uniandikie. Ulikuwa umesimama wapi, nani alikuwa karibu, nani alikushika mkono. Andika hata ukurasa mmoja, mpe mama wa vitenge aniletee. Mimi nitakuamini.

Ni mimi mwanao,
Faida