Simu Mbili kwenye Soketi Moja

Kwako kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na safari hii zipokee kwa mikono miwili maana ni za watu wawili. Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kukaa juu ya mtambo kutwa nzima unaendeleaje? Na vumbi la huko mnakojenga bwawa, bado linakukohoza? Sisi huku hatujambo. Shangazi ni mzima, goti lake limetulia, ulimi wake ndio haujatulia. Mimi nami ni mzima kupita kiasi. Nimenenepa, kaka. Wenzangu dukani wananiambia ndoa imenikubali, nami sibishi.

Nimeamua kukuandikia kwenye karatasi kwa sababu mwenzako aliyekuja likizo anarudi huko kesho, na kwa sababu mazungumzo yetu ya simu siku hizi yanakatika kila yanapofika mahali pa maana. Mara ya mwisho uliniachia mambo mawili. La kwanza, ulisema kwa kuwa mkataba wako haukukuruhusu kuja harusini, unataka kutununulia mimi na mume wangu simu mpya za aina moja, tufanane kama mapacha. Nikuambie ni iPhone au Android, la sivyo utachagua mwenyewe. La pili, uliuliza ni shemeji gani huyu ambaye kila ukipiga yupo bafuni. Ulisema huyo mtu anaoga kuliko samaki. Mimi nilicheka, wewe hukucheka. Ulisema hutamhesabu kuwa shemeji yako mpaka umsikie kwa masikio yako akikusalimu, na kama anakuona si mtu wa kuzungumza naye, basi likizo yako utaimalizia hukohuko kambini. Maneno hayo yamenikaa kifuani. Nitayajibu yote mawili humu, ila niache nianze na la simu, kwa kuwa simu ndizo zilizotukutanisha.

Tulikutana kwenye kibanda cha fundi simu, nyuma ya duka letu la vifaa vya ujenzi. Ile Android yangu niliyoinunua kwa mshahara wa kwanza ilikuwa haishiki chaji mpaka uupinde waya kama unamtekenya mtu. Mbele yangu alisimama kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono, anasubiri iPhone yake ibandikwe kioo cha kukinga. Nikamuuliza kama ndiye wa mwisho kwenye foleni. Kimya. Nikauliza tena. Kimya. Basi nikamwambia fundi, kwa sauti ya kusikika, kwamba hawa watu wa iPhone wanadhani hata salamu ni za kulipia. Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

Kijana alipoona fundi anacheka akageuka, akanitazama usoni, akaitazama simu yangu, kisha akaandika kitu kwenye yake na kunielekezea. Jirani na kibanda palikuwa na mtu anakata nondo kwa mashine, makelele ya kupasua kichwa, kwa hiyo sikuona ajabu. Alikuwa ameandika kwamba anaona Android yangu imelazwa, akanipa pole ya mgonjwa. Kaka, nilichemka! Nikaandika kwenye yangu, niliyoichomeka kwenye soketi ya fundi, kidole kimoja kimeushika waya isizimike, kwamba mgonjwa wangu angalau ana ndugu kila duka, wa kwake ana mzazi mmoja tu, tena mkali. Aliposoma alicheka kicheko kikubwa kisicho na breki, watu wa foleni wote wakageuka. Nadhani nilimpenda hapo hapo, ingawa nilijifanya nimenuna.

Akanijibu kwamba mzazi mmoja mkali ndiye anayelea vizuri. Kwamba kampuni ikitengeneza simu na mfumo wake wenyewe, viwili hivyo havigombani, na sasisho likitoka linawafikia wote kwa siku moja. Nikamwandikia kuwa mimi sitaki kulelewa, nataka simu ninayoweza kuipanga nitakavyo, kama nyumba yangu. Akaniuliza kama nina nyumba. Nikamwambia bado. Akaandika kwamba basi hilo nalo linazungumzika. Fundi akatufukuza, akasema mapenzi yetu yanamzuilia wateja.

Tangu siku hiyo tulichumbiana kwa maandishi. Wenzangu hulalamika kuwa wanaume zao ni wagumu wa maneno. Wangu ananiandikia tangu anaponawa uso, tena maneno yenye nukta na mkato mahali pake. Anakata vioo, vya madirisha na vya kujitazamia. Vidole vyake vina makovu membamba kama nyuzi, na ninayajua yote, lipi lilitoka kwenye kioo gani. Siku aliyonichumbia aliniletea kioo alichokikata mwenyewe, akanisimamisha mbele ya kioo hicho, akaniandikia nimtazame mtu anayetaka kumwoa. Unacheka? Cheka tu. Mimi nililia.

Sasa nyumbani kwetu. Tuna chumba na sebule, madirisha makubwa (fundi vioo atakosaje madirisha?), na chumbani soketi ni moja tu, upande wangu wa kitanda. Simu mbili, chaja mbili, na waya zenyewe haziingiliani. Ndiyo vita yetu kubwa ya ndoa mpaka juzi. Mimi husema yangu ndiyo yenye njaa ya kweli kwa kuwa inafanya kazi kutwa. Yeye hudai ya kwake ni mgeni wa heshima, haiwezi kulala bila kula. Yake ujumbe ukiingia huwaka taa ya nyuma kama radi. Wiki ya kwanza nilianua nguo kambani nikidhani mvua inakuja.

Lakini uliniuliza ipi bora, nami nimezitumia zote mbili, kwa hiyo nakujibu bila upendeleo. iPhone yake haina mambo mengi. Kila kitu kipo mahali pake. Ukijifunza moja umezijua zote, na ile aliyonayo ni ya miaka mingi lakini bado inapokea masasisho kama mpya. Kamera yake ya video ni tulivu, mikono ikienda mbio bado unaiona vidole na vyote. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kitu kiwe vingine, unaambulia kile walichokupangia. Yangu naipindua nipendavyo, nimebadilisha kibodi, nimebadilisha mwandiko, picha za bidhaa ninazowatumia wateja nimezihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu, na betri yake ni ngumu. Ubaya wake ni kwamba hakuna Android moja. Ya dada wa dukani na yangu zina mfumo mmoja, ila nikiishika ya kwake nahisi nimeingia jikoni kwa mtu, sijui vijiko viko wapi. Picha za harusi nazo, kutoka kwa mume wangu kuja kwangu, tulizipitisha WhatsApp zikapoteza ung'avu, mpaka fundi simu akatuonyesha njia nyingine ya kuzihamisha. Naye akatuambia tumeoana watu wa dini mbili.

Kuna kitu kimoja kwenye yangu ambacho mume wangu anakipenda kuliko vyote vya yake, ingawa hakubali hadharani. Ukiiweka mezani na kuiwashia programu yake, mtu akizungumza, maneno yake yanajiandika kwenye kioo hapo hapo. Ikimpata mtu anayesema taratibu inaandika vizuri. Ikimpata shangazi inahema.

Nadhani umeshaanza kukunja uso, kaka, maana wewe si mtu wa kuzungushwa. Basi nakuambia. Mume wangu ni kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto mdogo, akapona, masikio hayakupona. Anasoma midomo kidogo, anaandika vizuri kuliko mimi niliyemaliza sekondari, na akiwa na wenzake wanazungumza kwa lugha ya alama kwa kasi inayonifanya nionekane mshamba. Nami najifunza. Shangazi alijua tangu siku ya posa. Watu wote wa harusini walijua. Asiyejua ni wewe peke yako, na aliyeamua hivyo ni mimi.

Nilikuwa na sababu niliyoiona nzuri. Nilijua ningesema neno hilo kwanza, ungelisikia hilo tu. Ungeniuliza nitaishije, nani ataitika mlango ukigongwa, watoto wataitaje baba. Wewe ndiye uliyenilipia shule, ungeona umenisomesha nije nihangaike. Nikasema acha kwanza kaka ajue vichekesho vyake, ajue anavyonichania nywele, ajue anavyobishana, halafu hilo lije baadaye kama jambo mojawapo. Lakini ulipiga simu ya kwanza ukataka kuongea naye, mtandao wenu huko haubebi video, nami mdomo ukasema yupo bafuni. Ya pili, bafuni. Baada ya hapo ningesema nini?

Juzi Shangazi alikuja kututembelea. Tulikuwa watatu mezani, simu yangu katikati inaandika ili mume wangu asipitwe. Nilipoinuka kuchukua maji, Shangazi akanifuata kwa maneno. Akaniuliza mpaka lini nitamwambia kaka yangu kwamba huyu mtu anaoga, na je, ukija likizo nitamfungia humo bafuni na taulo lake? Alikuwa ameisahau simu. Mimi pia. Niliporudi na jagi, mume wangu alikuwa ameinama mezani anasoma, na mstari wa mwisho ulikuwa bado unajikamilisha.

Hakukasirika kama nilivyotegemea. Alimsindikiza Shangazi mpaka njiani, akarudi, akaketi, akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena. Mwisho aliponielekezea kioo palikuwa na sentensi moja tu. Aliandika kwamba amefichwa na watu wengi maishani mwake, wengine kwa aibu, wengine kwa huruma, lakini hakutegemea kufichwa na mimi. Kisha akaiweka simu kifudifudi. Kaka, katika nyumba yetu hiyo ndiyo sauti ya mlango kubamizwa. Mchana wote hakuniandikia neno, wala mikono yake haikunena. Nilikuwa sijui kwamba mtu anaweza kukukosesha sauti ambayo hujawahi kuisikia.

Jioni nilimwomba radhi kwa mikono yangu mwenyewe, bila simu. Nilikosea alama moja, nikamwambia kitu kinachokaribia kuwa mimi ni kabati. Akajaribu kuvumilia, akashindwa, kile kicheko kikamtoka. Lakini alipomaliza kucheka alinishika mikono, akaniambia nikuandikie. Si yeye akuandikie, mimi. Amesoma barua hii yote, hata pale nilipomsifu, na amesema nimepunguza.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya. Simu za kufanana usinunue. Yake inatufaa kwa video ya mikono na kwa taa inayomwambia kuna mtu anamtafuta. Yangu inatufaa kwa maneno ya watu kama wewe na Shangazi. Tukifanana tutapungukiwa. Ukitaka kutupa zawadi, siku utakayokwenda mjini penye mtandao mzuri, tupigie kwa video. WhatsApp iko kwenye zote mbili, haina dini. Kaa mahali penye mwanga, uso wako uonekane, usipige kelele, maana kelele zako zitaniumiza mimi tu. Inua mkono umsalimu. Ulitaka umsikie kwa masikio yako, hilo sitaweza kukupa, wala yeye. Naomba umhesabu kwa macho. Na ukiona huwezi, niambie mimi mwenyewe, nitakusikiliza. Ila likizo yako uje uimalizie hapa, hata kama ni kwa kununa. Sebule ina kochi linalotosha urefu wako, tumelipima kwa kamba.

Jambo la mwisho. Viziwi wana desturi, mtu wanayemhesabu kuwa wao humpa jina la alama, halisemwi, linafanywa kwa mkono. Mimi nilingoja miezi kadhaa kabla ya kupewa la kwangu. Wewe hajawahi kukuona ila kwenye ile picha uliyopiga umesimama juu ya gurudumu la mtambo, umetoa meno yako yenye mwanya. Kumbe alikwisha kukupa, tangu kabla ya harusi, na wenzake wote wa kazini wanakujua kwalo. Ni ngumi inayovuta gia, kisha kidole kimoja mbele ya meno. Nilikuwa nikiiona ile alama mara nyingi wakizungumza na sikuwa najua ni nani huyo. Dakika hii amepita nyuma ya kiti changu, ameona karatasi inakaribia kujaa, ameniuliza kama nimemaliza kumwandikia huyo, gia na mwanya. Nimemjibu kwamba zimebaki salamu.

Basi zipokee. Shangazi anakuombea. Mume wangu anakusalimu, ndivyo alivyosema, kwa mikono yote miwili. Jitunze kaka, funika pua penye vumbi, na ule vizuri.

Ni mimi mdogo wako wa pekee,
mke wa fundi vioo.