Mikono ya Shangazi

"Mwanamke wa miaka hamsini na mbili akianza kuchonga vikatuni kwenye kompyuta, ujue hoja zimemwisha."

Hayo aliyaandika Kalinga juzi kwenye kundi letu la simu. Kalinga anauza vipuri, alihamia Sumbawanga kutoka Mbeya, na kwa miaka kumi na mitano tumebishana kuhusu mbolea, barabara na mahubiri ya padri. Leo ni Jumapili, upepo umevuma tangu alfajiri, vidole vimekufa ganzi, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Kwa hiyo namjibu.

Si vikatuni. Ni mtu mmoja, na ninamjua. Wala hoja hazijaniisha, ila nimechoka kuandika ileile. Baada ya Pasaka niliandika hapahapa kwenye blogu yangu, kwa hasira, kwamba michezo ya kompyuta wanayocheza watoto wetu ina mashujaa wa kila nchi isipokuwa hii, na kwamba mwanamke mzee akiwemo, kazi yake ni kumwonyesha shujaa njia kisha asahauliwe. Msomaji mmoja akanijibu kwa maneno matatu: "Basi tengeneza wewe."

Nilimtukana kimoyomoyo siku mbili. Siku ya tatu nikapakua programu.

Programu hiyo inakupa donge la kijivu, la mviringo, kama tonge la ugali uliopoa. Unalisukuma kwa brashi, unalivuta, unalibana, unalilainisha. Wiki ya kwanza nilitengeneza viazi. Viazi vyenye macho. Wiki ya pili nikapata pua, pua ya kweli yenye mabawa, na asubuhi yake niliiangalia kabla hata sijanawa uso. Nimeandika makala nyingi maishani. Hakuna hata moja niliyoamka kuichungulia hivyo.

Mtu ninayemtengeneza ni Shangazi Restituta, dada wa marehemu baba, mfinyanzi wa vyungu kule Mollo. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alikubali kwa sharti moja: siku ya kumwonyesha, asipojipenda, nimfute mbele ya macho yake. Nikaapa. Ndivyo nilivyo, naapa haraka.

Wiki sita. Programu ina kioo ndani yake: ukigusa shavu la kulia, la kushoto linafuata. Nilikizima, kwa sababu bega la kushoto la shangazi liko chini kuliko la kulia na sikutaka kumnyoosha. Nilitengeneza mikunjo ya shingo. Nilitengeneza kucha. Nilijiona fundi.

Leo baada ya misa nikapanda bodaboda kutoka kwangu Katandala, kompyuta nimeifunga mgongoni kwa kitenge. Shangazi alikuwa uani kwake, pembeni ya mahindi yaliyoanikwa. Akafuta mikono, akasogeza kigoda, nikafungua.

Alitazama muda mrefu. Kisha akafanya ishara ya msalaba.

"Mimi nimemkosea nani?"

"Kwani vipi, shangazi?"

"Umenisulubisha!"

Nikageuka kutazama. Maskini mimi. Watu wa kwenye michezo hufinyangwa wakiwa wamenyoosha mikono pembeni, ili iwe rahisi kuwatia mifupa baadaye, yaani viungo vya kuwafanya watembee. Ndivyo nilivyofundishwa na video zote za mtandaoni, ndivyo nilivyomwacha. Wiki sita nimemkodolea macho shangazi yangu akiwa amenyoosha mikono yote miwili, mimi ninayepiga magoti mbele ya msalaba kila Jumapili, na sikuona!

Nikaanza kueleza habari za mifupa. Nikaharibu zaidi.

"Tena Ijumaa Kuu ilishapita," akasema. "Futa."

"Shangazi, nipe nafasi niishushe mikono."

"Haya, shusha. Nakusubiri. Nitakwenda wapi, si umenipigilia misumari?"

Alipomaliza hapo akahamia Kifipa, na Kifipa cha shangazi akiwa amekasirika sikitafsiri kwenye blogu inayosomwa na watoto.

Ukweli ni kwamba mifupa nilikuwa sijaielewa sawasawa. Nikashusha mkono wa kulia. Kwapa likabonyea, bega likanywea kama puto lililotoka upepo. Nikarudisha, nikashusha tena. Vilevile. Mara ya tatu mkono ukaingia ubavuni kabisa. Chaji ilikuwa inakwisha na jasho lilikuwa linanitoka kwenye baridi ile. Nilikuwa nimeapa. Nilikwishapeleka kishale kwenye neno "futa", na naandika bila aibu kwamba machozi yalinilengalenga.

Shangazi akavuta kigoda karibu. Hakutazama uso wake hata kidogo. Alitazama bega.

"Udongo umekuishia hapo."

"Huu si udongo, shangazi, ni..."

"Ni udongo. Ukitaka kukunja mdomo wa chungu, huachi pembamba pale unapokunja. Utanywea tu. Ongeza kwanza, ndipo ukunje."

Nikarudisha mkono juu. Nikaongeza donge begani, nikalisambaza kuelekea kwapani.

"Zaidi."

Nikaongeza.

"Zaidi, mwanangu! Unamfanyia nani uchoyo?"

Nikashusha mkono.

Bega likakaa.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatimka kwenye mahindi. Shangazi akacheka mpaka akashika kiuno. Tukafanya mkono wa kushoto pamoja, yeye akielekeza kwa kidole chenye udongo mkavu, na alama ya kidole hicho bado iko kwenye kioo cha kompyuta yangu. Sijaifuta.

Kalinga, sikiliza. Miezi yote hiyo nilikuwa na hoja kwamba watu wetu wanastahili kuwa ndani ya michezo hii. Leo nimemwona mwanamke ambaye hajawahi kugusa kompyuta akirekebisha kosa ambalo video zote nilizotazama hazikuweza kunieleza. Hoja yangu ilikuwa ndogo mno. Hawa watu si wa kutiwa kwenye michezo tu, wana la kufundisha. Ninakiri kwamba nimezoea kusahihisha wengine, na sikujua kama kusahihishwa kuna raha kiasi hiki.

Mikono ilipotulia, ndipo akautazama uso.

"Masikio makubwa."

"Ndiyo yako, shangazi."

"Najua. Yaache. Huyo sasa ni mimi. Atafanya nini humo?"

Wiki sita sikuwa nimejiuliza.

"Wanauawa humo?"

"Wengine hufa, halafu wanaanza upya."

"Mimi siuawi ili mtoto wa mtu ashangilie. Wala sikai kusubiri mtu anipite. Nipe udongo humo, nifinyange."

Sasa ninyi mnaotengeneza michezo, mlioko Sumbawanga, Namanyere, Mbeya na huko Dar, mnaonisoma kimyakimya halafu mnaniandikia pembeni kwamba bibi kizee hana mvuto: nasema nanyi. Shangazi yuko tayari, mikono iko chini, na namtoa bure. Masharti ni yake mwenyewe, hauawi na anapewa kazi. Anayemtaka asiniandikie mimi. Apande gari, apande bodaboda, afike Mollo, akae kwenye kile kigoda na amweleze uso kwa uso atamfanyisha nini kwenye mchezo wake. Na mwende kabla ya mvua, maana zikianza anashika jembe, na hatakuwa na muda wenu.