Niliyemwita Kigeugeu

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu zako zimenifikia hapa Msambweni. Sisi tu wazima, ila babu yako bado anakohoa. Umeniuliza maana ya kigeugeu, kwa kuwa mwenzako wa chuoni amekuita hivyo. Ni mtu asiyetabirika, leo anakubali jambo na kesho analikataa.

Mimi niliwahi kumwita mtu hivyo. Ujanani nilikuwa nikifua mashuka katika hoteli moja huko Galu, na msimamizi wetu alikuwa Bi Fatuma. Siku moja nilimwomba ruhusa ya kumpeleka mama hospitali, naye akaitikia kwa kichwa. Niliporudi kazini alinifokea mbele ya wote.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Bi Fatuma, wewe ni kigeugeu!" nikapaza sauti.

Wenzangu walicheka. Yeye akaniita nje.

"Mwanangu, masikio yangu hayasikii vizuri. Mashine zikivuma, mimi huitikia tu kwa kichwa hata nisiposikia neno. Wakijua, watanifukuza."

Nilimwomba radhi, lakini mbele ya wenzangu sikuweza kulifuta neno lile bila kumfichua. Waliendelea kumwita kigeugeu mpaka alipostaafu, naye aliitika.

Sijui mwenzako aliona nini kwako. Wewe wajua zaidi. Bi Fatuma alifariki mwezi uliopita, Mungu amrehemu, ndiyo maana leo naweza kukuandikia haya.

Nakuombea afya na masomo mema.

Bibi yako,
Mwanaisha