Mlango wa Upande wa Barabara

Kilindoni, Mafia
Jumatano

Kaka yangu Costantine,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba kifua cha mama kimepata nafuu sasa baridi ya huko Mbinga inapopungua. Mimi mwilini sijambo. Moyoni sijatulia hata kidogo, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, nakujua. Tumaini, muuguzi mwenzangu, anavuka kwenda bara kesho, nimempa bahasha hii aipandishe basi la huko nyumbani.

Habari ya huku ni moja tu. Wiki iliyopita gari dogo la abiria liligongwa mbele ya zahanati yetu, na tangu hapo watu wamesahau hata bei ya samaki. Anayeliendesha ni kijana wa Ndagoni aitwaye Haruni, ila gari si lake, ni la tajiri mmoja mwenye duka hapa mjini. Alikuwa ameegesha ng'ambo ya barabara, mbele ya baraza la wazee wa bao, kushoto kwake kama inavyotakiwa, yuko peke yake kwenye usukani. Mlango wa nyuma wa kulia, ule unaotazama barabarani, ulikuwa wazi. Mbaraka wa bodaboda akatokea nyuma na pikipiki yake, akauvaa. Mlango ulipinda mpaka ukagusa bodi, naye Mbaraka akavunjika mtulinga.

Nilivuka mbio nikamfunga mkono pale pale chini. Nikiwa namfunga, alikuwa akiwaambia watu waliojaa kwamba mlango ulifunguliwa ghafla usoni pake. Wazee wa barazani wakaitikia kuwa ndivyo, ingawa wote walikuwa wameinamia bao na hakuna aliyeona kitu. Mimi niliendelea kuzungusha bendeji.

Trafiki alipokuja alieleza kwamba yeye ana swali moja. Kama mlango ulifunguliwa ghafla, kosa ni la dereva wa gari peke yake. Kama ulikuwa wazi tangu mapema, basi mwenye pikipiki alipaswa kuuona, maana barabara pale imenyooka na ilikuwa mchana kweupe. Haruni akasema ulikuwa wazi kitambo. Akaulizwa ulikuwa wazi kwa sababu gani, na abiria wote hupandia kushoto, kwenye baraza. Akajibu kwamba alikuwa anapitisha upepo. Trafiki alicheka, akamwambia ajipange vizuri kabla ya kurudi kituoni. Tajiri naye akatangaza mbele za watu kwamba kosa likiwa la Haruni peke yake, aweke funguo mezani na asionekane tena. Mama yake Haruni na wadogo zake wanakula kwa gari hilo.

Kaka, siku zile sikuwa mtu. Napima presha ya mgonjwa, nikiandika nimesahau namba, narudia kumpima. Nachemsha chai, naiacha. Na kila anayeingia zahanati amekuja na hukumu yake. Bibi mmoja aliyeletwa kuchomwa sindano alinionyesha kwa mikono miwili jinsi mlango ulivyofunguka, na siku ile hakuwepo hata mjini. Nilitamani kumwambia anyamaze, nikamwambia alegeze msuli.

Sasa kama umesimama, kaa. Mlango ule ulifunguliwa kwa ajili yangu. Mimi na Haruni tumekubaliana kuoana, na siku ile alikuwa anipeleke Ndagoni nikamwamkie mama yake. Mimi ndiye niliyemwomba afungue upande wa barabara, nivuke kutoka getini kwetu niingie moja kwa moja, nisizunguke mbele ya wale wazee wa bao. Nilikuwa dirishani, mkoba begani. Nilimwona anageuka na kuufungua. Nikasema naenda. Sikwenda. Nikarudi kupanga pamba zilizokwisha kupangwa. Nikachungulia tena, bado uko wazi. Mkokoteni wa maji ukaukwepa ukapita. Baiskeli mbili zikapita. Nilikuwa nakuwaza wewe, na mama akisikia mkwewe anaswali msikitini, na wazee wa Godlove uliokwisha kuwaitikia posa yao bila kuniuliza. Ndipo nikamwona Mbaraka anakuja, shingo kaigeuzia barazani anasalimia watu. Nilipiga kelele ndani ya chumba, nani angenisikia.

Haruni alijua kwamba akinitaja anapona. Hakunitaja.

Jumatatu nilikwenda kituoni nikasema yote, Mbaraka na Haruni wakiwapo. Mbaraka aliinamisha kichwa, kisha akakiri kwamba kweli alikuwa anasalimia watu. Trafiki akaniuliza, muda wote huo mlango uko wazi, mimi nilikuwa nafanya nini. Nikamjibu kwamba nilikuwa naogopa. Hakucheka. Akasema kosa ni la wote wawili, Haruni kwa kuacha mlango barabarani, Mbaraka kwa kutotazama mbele. Tajiri ameguna, lakini funguo hakuchukua. Haruni alinifuata nje amekasirika, akisema heri angepoteza gari kuliko mimi kusimamishwa kituoni kama mwizi. Nikamwambia hilo atalizoea. Kabla ya adhuhuri mji mzima ulikuwa unajua, na heri ulisikie kwangu kuliko kwa mpita njia.

Jumapili baada ya misa nakwenda Ndagoni. Sikuombi ruhusa, Kaka. Wewe ndiye uliyenisomesha baba alipofariki, na nakuheshimu kama baba, lakini hili nimeshaliamua. Ninachoomba ni usinitupe. Wazee wa Godlove waambie mapema wasikate tiketi za kuja kutoa mahari. Ukiona aibu, nipe namba yao niwaambie mwenyewe.

Ila mama mwambie wewe, taratibu, akiwa amekaa jikoni. Nimeweza polisi, nimeweza mji mzima. Yeye simuwezi, nimejaribu kumwandikia mara nyingi nikachana karatasi.

Nisalimie wifi sana, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Nasubiri jibu lako, hata likiwa la hasira.

Mdogo wako,
Apolonia