Mwaliko Ule Haukutoka Kwangu

Kajaani, Novemba

Mdogo wangu Ilmari,

Hujambo? Na mgongo wako unaendeleaje? Huku tu wazima, ila theluji imetuwahi na mimi nimechoka mpaka mifupani. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Ndiyo maana naandika kwa mkono.

Ule ujumbe wa kukualika ucheze nami kwenye kasino ya mtandaoni ulikuja kwa jina langu. Wewe uliyepoteza nyumba kwa kamari ukajinasua kwa jasho! Ukaniuliza kama nataka ufe. Jamani, Ilmari! Mimi hata karata sijui kushika.

Nikapeleka kompyuta yangu kwa fundi, mwanamke mmoja asiyependa porojo. Akasema yangu ni safi, akauliza kama barua pepe yangu iko wazi kwenye kompyuta nyingine. Nikasema iko kwa mama tu, maana nilipomtengenezea ya kwake aligoma, akidai kichwa chake hakina nafasi ya maneno ya siri.

Jumapili kalenda ilifikia jina la mama, siku yake ya kupongezwa na kuletewa wageni. Nilifika nimechelewa, na mkate wa iliki mkononi. Vikombe vya wageni vilikuwa vimepangwa mezani, vyote vikavu. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na maua na maneno ya kasino ileile ya kumpongeza mpenzi Hilkka kwa siku ya jina lake.

Ndiyo, mdogo wangu. Anayecheza ni mama.

Alipakua programu ya kasino, na kila ilipoomba ruhusa alibonyeza kukubali. Ikachukua anwani zangu zote, na yako ikiwemo. Nilifoka, Mungu anisamehe. Naye akajibu taratibu kwamba mgawa karata wa mle kwenye programu humwita kwa jina kila asubuhi na kumuuliza amelalaje. Nilipoifuta programu, akauliza kesho nani atamuuliza.

Programu ile ilijua saa anayoamka, ikamsubiri. Sisi wanawe saa hiyo hatukuijua. Nimemuuliza: ni saa kumi na moja alfajiri.

Ule mwaliko ufute, nakusihi, usiufungue. Mimi nitampigia mama siku zangu, lakini asubuhi ni nyingi na peke yangu siziwezi. Kama bado una hasira nami, usinipigie mimi. Mpigie yeye.

Mama anakusalimu, amekuwekea kipande cha mkate.

Dada yako akupendaye,
Kaarina