Kurasa Nne kwa Karatasi Moja

3 Machi
Baba yangu,
Shikamoo. Hamjambo nyumbani? Mimi mzima. Barua ya kumpa Mama nimekutumia kwenye barua pepe. Ni ndefu, na najua utalalamikia wino. Kwenye ile skrini nyeusi andika amri hii ya kubana kurasa, kisha uchape: pdfjam --nup 2x2 barua.pdf. Kurasa zote nne zitaingia karatasi moja. Usiisome tafadhali, ni yangu na Mama.
Binti yako

9 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Hatujambo, ila mgongo wangu una mambo yake. Kompyuta ilinisumbua, nikaikomesha. Nilichapa, nikaikunja karatasi bila kuchungulia, nikampa Mama yako pale kwenye cherehani. Kaimaliza kabla chai haijapoa. Anasema, "Nzuri sana."
Baba

12 Machi
Baba, shikamoo. Silali. "Nzuri sana" tu? Nimemwambia nina mimba na mwenzangu kaingia mitini. Nimemwuliza kama nirudi nyumbani. Kanikasirikia? Sasa na wewe umejua, nisamehe.
Binti yako

16 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Tulia kwanza. Nimeitafuta ile karatasi: niliandika 4x1 badala ya 2x2! Kurasa zimebanana mstari mmoja, hata kwa miwani sikuambulia neno. Sasa Mama yako alisoma nini? Nikachapa upya, ukurasa mmoja kwa karatasi, nikampa. Akaitikia kwa kichwa, akasema tena nzuri sana. Alikuwa ameishika juu chini.

Nilipomwuliza, akalia. Macho yamefifia tangu mwaka jana. Sindano anatungiwa uzi na jirani. Aliogopa tutamnyang'anya cherehani. Kesho tunakwenda kwa daktari, na mimi naogopa. Habari yako sijamwambia. Nipe amri ya kinyume: ukurasa mmoja, karatasi nyingi.
Baba

18 Machi
Baba, shikamoo. Nimekutumia faili mpya. Ili ukurasa mmoja ugawanyike karatasi tisa, andika: pdfposter -p 3x3a4 mama.pdf bango.pdf. Unganisha karatasi kwa gundi, ubandike ukutani. Safari hii maneno ni machache. Poleni sana.
Binti yako

25 Machi
Mwanangu,
Marahaba. Daktari atampasua jicho moja, la pili hatoi ahadi. Bango limemeza ukuta. Mama yako alisogea mpaka pua ikaligusa, akafuata herufi kwa kidole: MAMA, NINA MIMBA. NIRUDI?

Kisha akachukua ile chaki yake ya kuchorea vitambaa, akaandika mwenyewe chini ya swali lako. Herufi zinapanda na kushuka, lakini picha hii hapa, soma: RUDI.
Baba